Kifaa cha nanopoo mezani kwangu Dodoma: vinasaba ndiyo, peptidi bado

Huu ni msimu wa pili nakitumia kifaa hiki, kinachosoma DNA kwa kuipitisha kwenye vitundu vidogo mno (nanopoo). Kinaenea kiganjani, unakichomeka kwenye kompyuta mpakato kama flashi, kinaanza kusoma. Kazi yangu ni majani ya mizabibu kutoka Hombolo na Mpunguzi, yaliyojikunja na kuwa mekundu kabla ya wakati. Zamani sampuli nilizituma nje ya nchi, na majibu yalirudi shamba limeshang'olewa. Siku hizi naona herufi za DNA zikishuka kwenye skrini siku ileile.

Ogopeni kiputo cha hewa. Mara ya kwanza nilikiingiza kwa pipeti, kidogo kama punje ya uwele, nikabaki natazama visanduku vya kijani kwenye skrini, vinavyoonyesha vitundu vilivyo hai, vikizimika kimoja baada ya kingine. Vitundu vikishakufa havifufuki. Sasa navuta tone nje kwanza, ndipo nasukuma, polepole. Chipu zenye vitundu hivyo nazo zinataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo umeme wa akiba uwepo kabla hujaagiza.

Sasa peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, maana mnaniuliza sana kama kifaa hiki kinaweza kuzisoma, hasa nyie mnaochunguza sumu ya nge. Kanuni ni ileile: mkondo wa umeme unapita kwenye kitundu, molekuli ikipita mkondo unashuka, na ule mshuko ndio unaosomwa. Lakini DNA ina herufi 4 na chaji yake ni hasi mwanzo hadi mwisho, inavutika vizuri. Peptidi inaundwa na asidi amino za aina 20, nyingine chanya, nyingine hasi, nyingine hazina chaji kabisa. Haivutiki kwa utaratibu.

Mwaka 2021 watafiti wa Delft, Uholanzi, waliiunganisha peptidi na uzi wa DNA, kisha helikesi, kimeng'enya kinachotembea juu ya uzi wa DNA, kikaivuta kitunduni hatua kwa hatua. Wakatofautisha peptidi zilizopishana asidi amino moja tu! Makala yao nimeisoma mara tatu na bado inanisisimua. Ila kutambua peptidi unayoijua ni jambo moja, kusoma usiyoijua ni jingine, na za nge nyingi zimekunjwa na kufungwa kwa viungo vya salfa.

Ushauri wangu: someni RNA, yaani nakala ya jeni, ya tezi ya sumu kwa kifaa hikihiki. Nakala hiyo itawapa mpangilio wa peptidi, kisha spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, iwathibitishie peptidi imekatwa wapi kutoka kwenye protini ndefu zaidi.