Noah ya kukodi, Dodoma hadi Ziwa Babati na kurudi siku moja: dereva safi, spea hewa

Nianze na gari, maana ndilo lililonifanya niandike. Tulikuwa saba: mimi, baba watoto, mama mkwe, watoto wetu watatu na mtoto wa wifi, ambaye akisikia neno safari anakuwa ameshavaa viatu. Kigari chetu hakitutoshi, nikatafuta Noah ya kukodi yenye dereva. Ofisi moja hapa Dodoma ikanipa bei: laki mbili kwa siku, mafuta juu yangu, chakula cha dereva juu yangu. Nusu nikatanguliza kwa simu. Niliuliza mambo matatu tu: kiyoyozi kinafanya kazi? Gari inafika kwenye michoro ya miambani ya Kolo, huko Kondoa? Spea ipo? Nikajibiwa, "Dada, ondoa shaka, gari iko vizuri." Siku hizi mtu akiniambia gari iko vizuri namwomba afungue buti.

Tulipatana saa kumi na moja alfajiri, ikafika saa kumi na mbili kasoro robo. Kioo kimoja cha nyuma hakishuki, na kiyoyozi kinatoa upepo wa vuguvugu kama mtu anakuhemea shingoni. Lakini dereva alishuka, kabla ya lolote akamwendea mama mkwe, "Shikamoo bibi," akamshika mkono kumpandisha, ndipo akageukia mizigo. Kuanzia hapo mama akawa wakili wake, hata saa ambazo mimi nilikuwa nimenuna.

Barabara sina la kuilalamikia. Ni lami kilomita 251 mpaka Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, kipande cha ile njia ndefu ya Cape Town hadi Cairo. Baba watoto, aliyewahi kwenda Kondoa enzi za vumbi na tope, kila baada ya nusu saa alikuwa anatukumbusha mahali basi lao liliponasa. Ukishapita Makutupora na Mayamaya ni nyika: mibuyu, miiba, mbuzi wanaovuka wanapotaka wao. Kinachochelewesha ni vijiji. Kila kijiji kina kibao cha 50, na mbele ya kibao, chini ya mti wenye kivuli kizuri kuliko yote, trafiki na tochi yake. Dereva alikuwa anashuka mpaka 50 ya kweli, si ile ya kuigiza. Nikamwambia leo tutafika usiku. "Dada, faini ni elfu thelathini, na ofisi inanikata mimi." Nikanyamaza.

Tulikunywa chai Kondoa mjini, chapati na supu, tukasonga. Kuanzia hapo nchi inabadilika, milima ya Irangi inakusogelea na hewa inapoa, hata kiyoyozi tukakisahau. Kolo ndipo ofisi iliponivunja moyo kwa mara ya kwanza. Tulipoulizia pale kwenye ofisi ya mambo ya kale, mhudumu aliitazama Noah yetu chini, akatikisa kichwa. Njia ya kupanda kwenye michoro ni ya mawe, inataka gari lililoinuka, halafu bado mnapanda kwa miguu. Dereva akakiri hata yeye hakuambiwa kwamba tunataka kwenda huko. Basi michoro ya miambani iliyowekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, yenye twiga na watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, tukaelezwa tu tukiwa chini. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa amebeba daftari la kuchorea. Hakulifungua.

Pancha ikatukuta kabla ya Bereko, kwenye kona za kupanda. Tairi la nyuma kushoto. Dereva alifungua buti, akatoa mabegi, akatoa spea, akaiangusha chini. Tairi lenye upepo ukiliangusha linadunda. Hili lilisema "pwa" likabaki pale pale. Baba watoto akalibonyeza kwa dole gumba, dole likazama. "Hii ndiyo spea hewa," akasema, "tena hewa yenyewe haina." Watoto walicheka. Mimi nilikuwa napiga simu ofisini. Iliita mpaka ikakata, mara nne.

Dereva hakupoteza muda kunilalamikia wala kuwasema mabosi wake. Alisimamisha bodaboda, akaivaa ile spea begani kama mkoba, akaenda Bereko kuijaza. Alituachia maji na kuweka mawe mawili nyuma ya magurudumu. Alirudi baada ya dakika hamsini.

Na niseme ukweli, dakika hizo hamsini sizidai. Mama mkwe ni Mrangi wa Haubi, kijiji cha huku huku Kondoa. Alitandika khanga chini ya mti, akawaonyesha wajukuu vilima vya upande wa kulia, akawaambia nyuma ya vile kuna ziwa alikokuwa akichota maji akiwa binti. Nimeolewa miaka kumi na tatu, sijawahi kusikia habari ya ziwa hilo. Akaeleza jinsi mvua ilivyokuwa ikiporomosha udongo kutoka milimani, makorongo yanakula mashamba, na udongo wote unaishia ziwani mpaka ziwa likawa linajaa mchanga. Serikali ikaleta mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka. Ng'ombe wa baba yake wakapelekwa kwa ndugu huko bondeni. "Asubuhi zizi likawa kimya," akasema, "baba akakaa mlangoni na fimbo yake, hana wa kumchunga." Mtoto wa wifi akauliza kama walirudi. Mama akasema ng'ombe hawakurudi, ila miti ilirudi, hiyo mnayoiona. Baadaye watu wakaruhusiwa kufuga tena, wa kufungiwa bandani.

Babati tulifika saa nane kasoro. Ziwa liko mlangoni mwa mji, barabara inapita karibu yake, na mlima Kwaraa umesimama kwa juu. Si ziwa la kukushtua kwa ukubwa. Lina matete, ndege weupe, wavuvi kwenye mitumbwi. Tulikula perege wa kukaanga na ugali kwenye sehemu yenye viti vinavyotazama maji. Kijana akaja kutuuzia safari ya mtumbwi kwenda kuwaona viboko kwa karibu. Nilikataa, na ningekataa hata bure: mtumbwi wa mbao, watoto wanne, hakuna jaketi la kuelea hata moja, na kiboko hana mzaha na mtu aliyemkuta majini. Tuliwaona kutoka ukingoni. Mwanzoni unadhani ni mawe, halafu jiwe linatikisa masikio. Watoto walihesabu masikio kisha wakagawa kwa mbili. Mwanangu akapata kumi na moja na nusu, na hapo ndipo daftari lilipofunguliwa.

Baba watoto alitaka tusogee mpaka Ziwa Manyara "maadamu tumeshafika huku". Kwa siku moja kutoka Dodoma msijaribu, labda mna pa kulala. Sisi tuliondoka saa kumi na robo, tukanunua asali njiani, tukafika nyumbani saa tatu usiku, watoto wote wamelala vifuani mwetu.

Dereva nampa tano kwa tano, na nilimpa cha juu bila kuombwa. Ofisi naipa moja, hiyo moja ni kwa kuwa ndiyo iliyomwajiri. Tulitumia elfu kumi na tano, bodaboda na upepo, na nyingine elfu ishirini kuziba pancha na kununua mpira wa ndani Babati. Kesho yake waliniambia watanirudishia "ndani ya wiki". Leo ni siku ya kumi na nane. Jana nimewapigia, wakaniuliza kama ningependa kukodi tena sikukuu hii, sasa wana gari jipya, liko vizuri.