miRNeasy Mini ya Qiagen kwa ini linalozeeka: kichujio kizuri, ila damu itoke kwanza

Anayesaka maikroRNA za ini, yaani RNA fupi mno zinazodhibiti kazi ya jeni, asinunue kichujio cha RNA cha kawaida. Vile vya kawaida huziachia RNA zilizo chini ya nyukleotidi 200 zipite zikamwagwe na maji ya kuoshea, na maikroRNA ina nyukleotidi 22 hivi tu. miRNeasy Mini, seti ya vichujio na vimiminika vya kutenga RNA, imetengenezwa kunasa fupi na ndefu pamoja, na kazi hiyo inaiweza. Kwa ini, kinachoharibu majibu mara nyingi hutokea kabla hata chupa haijafunguliwa.

Kwanza damu. Ini hushika damu nyingi. Chembe nyekundu zimejaa maikroRNA iitwayo miR-451a, na zile nyeupe zina miR-155, ileile inayopimwa kama alama ya uvimbe (inflamesheni). Pitisha PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) kwenye mshipa mkuu unaoingia ini mpaka rangi igeuke kutoka nyekundu iliyokolea hadi ya chai ya maziwa. Panya kijana na panya mzee waoshwe sawasawa, la sivyo utalinganisha damu ukidhani unalinganisha umri.

Pili kipimo. Kichujio hubeba mikrogramu 100 za RNA. Maelekezo yanaruhusu tishu hadi miligramu 50, lakini ini ni tajiri mno: miligramu 10 tu hutoa mikrogramu 40 hadi 60. Weka 10 hadi 15, kipande kisichofikia punje ya mchele. Ukizidisha, kichujio kinaelemewa na RNA inatoka chafu.

Saga ndani ya mikrolita 700 za QIAzol (kimiminika chenye fenoli na chumvi ya guanidini kinachovunja seli) hadi pasibaki bonge, acha dakika 5. Tia kloroformu mikrolita 140, tikisa kwa nguvu sekunde 15, subiri dakika 2 au 3, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa 12,000 g (mara 12,000 ya nguvu ya uvutano) dakika 15 kwenye nyuzi 4. Yatatokea matabaka matatu: juu maji maangavu yenye RNA, katikati utando mweupe, chini fenoli. Chukua ya juu tu, na usiwe na tamaa. Ncha ya pipeti ikigusa ule utando, umebeba DNA.

Hatua inayowaangusha wengi ni ethanoli. Iwe ya asilimia 100, mara moja na nusu ya ujazo uliochota: kwa mikrolita 350, tia 525. Aliyezoea vichujio vya kawaida hutia ya asilimia 70, na hapo maikroRNA zote zinakwenda na maji. Mchanganyiko ukifanya ukungu, mimina pamoja na ukungu wake. Sentrifuji nayo irudi kwanza kwenye joto la chumba. Osha kwa bafa (kimiminika cha kuoshea) ya RWT mikrolita 700, kisha bafa ya RPE mikrolita 500 mara mbili. Chupa ya bafa ya RW1 iliyobaki kutoka seti nyingine haichukui nafasi ya RWT. Kausha kwa dakika 1 kwa kasi ya juu, toa RNA kwa mikrolita 30 hadi 50 za maji.

Pima usafi wa RNA kwa mwanga inaoufyonza: uwiano wa nanomita 260/280 uwe karibu na 2. Ule wa 260/230 ukishuka, guanidini imebaki. Ongeza mwosho wa RPE.

Usiipime kazi yako kwa miR-122. Hiyo ni kama asilimia 70 ya maikroRNA zote za ini, hivyo itaonekana hata ukifanya ovyo. Tazama zilizo chache: miR-34a, inayopanda kwa umri na kuikandamiza protini ya SIRT1, na miR-146a, inayozuia protini za TRAF6 na IRAK1 ili uvimbe usivuke mipaka. Kabla ya kutumia U6 (RNA nyingine ndogo ya seli) kama kigezo cha kulinganishia, hakikisha yenyewe haibadiliki kati ya vijana na wazee.

Vichujio na bafa hutunzwa kwenye nyuzi 15 hadi 25, kwa hiyo Mombasa au Dar es Salaam viwe kwenye chumba chenye kiyoyozi, si stoo. Fungua fenoli ndani ya kabati la kuvuta hewa. Mabaki ya QIAzol na bafa zenye guanidini yasikutane kamwe na jiki: hutoa gesi ya sumu.