Karatasi ya rangi za maji iliyobanduka na shavu la paka

Ukimchora paka mweusi kwa rangi za maji, sharubu zake nyeupe huzipaki, unaziacha. Weupe wote ni wa karatasi. Unatangulia kuchora sharubu kwa ile gundi ya mpira, inakauka, unapaka rangi juu yake, mwisho unaibandua taratibu kwa kidole na mistari myeupe inabaki. Ndivyo nifanyavyo siku zote. Kwenye karatasi hii, gundi ilibanduka na shavu zima.

Na paka si wangu. Ni wa mteja, mama mmoja wa Mbezi, kashalipa nusu, na mnyama mwenyewe alishakufa, kabaki kwenye simu tu. Weusi wa manyoya siutoi kwenye tyubu ya rangi nyeusi. Nauchanganya mwenyewe, bluu ya altramarini na kahawia ya siena, tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke kwanza. Hata sijafika mbali, karatasi ikaanza kutoa vinyuzi kama sweta kuukuu.

Juu ya pakiti wameandika pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba. Gramu sibishani nazo, ni nzito kweli. Pamba ndiyo siioni. Karatasi ya pamba iliyotiwa sawasawa jelatini, ile inayozuia maji yasizame haraka, kama zile za Arches za Ufaransa, tone la maji hukaa juu kwanza, ukapata muda wa kulisukuma kwa brashi. Hapa linazama papo hapo na kuacha doa lenye kingo.

Nikairudisha dukani, steshenari moja Kariakoo. Kijana wa kaunta hata hakuigusa. "Dada, karatasi ni karatasi. Labda mkono wako." Mkono! Nikamwomba maji kidogo nimwonyeshe hilo tone, akanijibu, "Hapa si mgahawa." Mwenzake akacheka. Kisha akadai risiti, yeye huyohuyo ambaye siku ya kununua aliniambia mashine ya EFD haina mtandao.

Ningeishia hapo: msinunue. Ila zilizobaki bei yake iliniuma, sikuzitupa. Nikapanda nazo pantoni la Kigamboni, ninakofanyia zoezi la kuchora miili ya watu. Pale mtu hakusubiri. Unawahi mstari wa mgongo, bega lipi limeshuka, uzito umelalia mguu gani, na kashageuka. Natumia mkaa wa kuchorea, na mkaa kwenye karatasi hii, jamani, unashika! Ule ukwaru unaoharibu rangi ndio unaoung'ang'ania mkaa. Kuna mama mwenye ndoo ya samaki kichwani, nyonga yake imetoka kwa mstari mmoja, sijawahi kuipata hivyo kwenye karatasi ya bei mbaya.

Kwa hiyo kwa mkaa, nyota nne. Kwa rangi za maji, hata moja ni zawadi. Nilitaka kuandika mbili yaishe, lakini nikikumbuka kile kicheko naandika moja. Mtasema nachanganya duka na karatasi. Nachanganya, ndiyo, pamba isiyo pamba niliuziwa na nani?

Anayeitaka kwa mkaa aombe punguzo bila aibu, amwambie muuzaji hiyo si pamba. Na abebe chupa yake ya maji, atone kwenye kona ya karatasi kabla hajatoa hela. Maji wao hawatoi.