Owens-Thomas House, Savannah: msipite tu barazani

Ukifika Savannah, Georgia, Marekani, ingia nyumba hii ya makumbusho kando ya Oglethorpe Square. Ilibuniwa na msanifu majengo William Jay, ikakamilika 1819. Ghorofani kuna kidaraja cha kuvukia kutoka vyumba vya mbele kwenda vya nyuma, kizuri ajabu. Ila kilichonigusa hasa ni makazi ya watumwa, ng'ambo ya bustani. Inua macho utazame dari: rangi ya buluu ya nili, chokaa na maziwa, imebanduka hapa na pale lakini bado ipo. Inasemekana ilikuwa kinga dhidi ya mizimu. Nilisimama pale hadi shingo ikauma. Tena watumwa wanatajwa kwa majina, jambo ninaloliheshimu sana. Vaeni viatu vyepesi, mfike pia Davenport House, nyumba nyingine ya kale mjini humo, iliyonusurika kubomolewa 1955.