Kijana anajifungia chumbani: umnyang'anye simu au ukae naye?

Wazazi wa matineja hebu tuongee. Mtoto wa fomu two matokeo yameporomoka, akitoka shule anajifungia, ukimuuliza jibu ni "niko poa" basi. Wengi wetu tunakimbilia kupokonya simu, makelele, na ile "sisi enzi zetu". Na inafanya kazi bwana, kwa wiki hivi, nyumba inatulia unadhani umeshinda kumbe dogo kajifunza kuficha tu.

Kukaa naye kunachosha zaidi, siwadanganyi. Unamkuta jikoni anakwangua ukoko, unashika vyombo unaosha naye, humkodolei macho, unasema tu "naona siku hizi hulali vizuri, kuna nini mwanangu?" halafu unanyamaza, na hapo kunyamaza ndo shughuli yenyewe. Ila kumsikiliza sio kumwachia, kazi za hesabu alizoruka atazifanya, mdogo wake aliyemtukana atamwomba msamaha, na simu saa tatu usiku inalala sebuleni (na yako pia, usijifanye). Mwanasaikolojia Diana Baumrind alishayaandika haya tangu miaka ya 1960, upendo na mipaka vinaenda pamoja.

Mi niko na njia ya pili, ya kukaa naye. Lakini akianza kusema hataki kuishi au ukaona anajikata, hapo hakuna cha ya kwanza wala ya pili, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na ushauri unapatikana kwa kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bure, Tanzania na Kenya.