Kupima dawa za kuzuia homoni: panya wa Min au panya wa azoksimethani?

Anayetaka kujua kama dawa inayozuia estrojeni (homoni ya kike), mfano tamoksifeni, inaweza kukinga saratani ya utumbo mpana, lazima kwanza achague mnyama.

Panya mdogo wa Min (kifupi cha Kiingereza cha “vivimbe vingi vya utumbo”) alielezwa mwaka 1990 na watafiti wa Wisconsin, Marekani. Huzaliwa na hitilafu kwenye jeni ya Apc, ileile inayoharibika katika saratani nyingi za utumbo mpana za binadamu. Ndani ya miezi michache huwa na vivimbe kwa makumi, hivyo jibu huja haraka. Kasoro yake ni nzito: vivimbe karibu vyote huota kwenye utumbo mwembamba, na wengi hufa kwa upungufu wa damu kabla havijageuka saratani kamili. Hata hivyo ndiye aliyetupa onyo. Majike walioondolewa ovari walipata vivimbe zaidi, na waliporudishiwa estrojeni idadi ikashuka. Yaani kuzuia homoni hii huenda kukaongeza hatari!

Chaguo la pili ni panya mkubwa, wa jamii nyingine: hudungwa azoksimethani, kemikali inayosababisha saratani, kisha husubiriwa miezi mingi. Ni gharama. Lakini uvimbe huota kwenye utumbo mpana wenyewe, na dawa yaweza kutolewa kabla au baada ya sindano, ukaona inazuia hatua ipi.

Tamoksifeni huzuia estrojeni kwenye titi lakini huiga kazi yake kwenye mji wa mimba. Kwa dawa ya namna hiyo namwamini zaidi panya mkubwa, mradi majike na madume wapimwe kando.