Walezi wa kujitolea wa viongozi wa vikundi vya vijana Morogoro: hodari kabla ya mkopo, adimu baada yake

Kwa yeyote anayeongoza kikundi cha vijana katika Manispaa ya Morogoro, huduma ya walezi wa kujitolea inayoratibiwa na taasisi moja ya kiraia mjini hapa ni ya kuitafuta, mradi aelewe tangu mwanzo mahali inapoishia. Nimeitumia nikiwa katibu wa kikundi cha ufugaji wa kuku wa mayai Kihonda, kuanzia tulipokuwa tukiandika katiba mpaka tulipoanza marejesho ya mkopo wa halmashauri.

Walezi wenyewe ni walimu wastaafu, wahasibu na maofisa mikopo wa zamani, na hawalipwi mshahara. Kila mmoja hupangiwa kikundi kimoja, naye hukaa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina peke yao, bila wanachama wengine. Utaratibu huo ndio unaoitofautisha huduma hii na semina tulizozizoea, ambako kiongozi huondoka na kalamu, daftari na soda, na wiki inayofuata vikao vinaendelea kuendeshwa vilevile, bila ajenda wala muhtasari.

Mlezi wetu, mwalimu mstaafu wa hisabati, hakuwa mtu wa maneno mengi. Baada ya shikamoo na marahaba aliomba daftari la fedha, akaweka rula chini ya mstari mmoja na kumuuliza mweka hazina, "Hii elfu kumi na nne imekwenda wapi, mwanangu?" Akajibiwa kuwa ilikuwa nauli. "Nauli ya nani, ya kwenda wapi, na nani aliidhinisha?" Jibu halikupatikana. Hakugomba. Alichora safu mpya pembeni mwa ukurasa, akaandika juu yake "Na. ya hati", kisha akaeleza kuwa kuanzia siku hiyo fedha yoyote isiyo na hati ya malipo yenye saini mbili isitoke, hata kama ni ya kununulia pumba. Mweka hazina alinuna, lakini maofisa wa halmashauri walipokuja kuhakiki kikundi, swali la kwanza walilouliza lilihusu hati hizo.

Ukali huo una sababu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kufuatia marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuibua habari za vikundi hewa na marejesho yasiyokusanywa, ikarejeshwa mwaka 2024. Katika mazingira hayo, kikundi kinachompelekea Afisa Maendeleo ya Jamii katiba iliyonakiliwa kwa jirani hakifiki mbali. Nimewahi kushika katiba ya wafuga nyuki ambayo kifungu chake cha malengo bado kilizungumzia cherehani. Mwalimu alitupitisha katika katiba yetu kifungu kwa kifungu, na akakaa muda mrefu kwenye kile kinachohusu mwanachama anayetaka kujitoa wakati kikundi kinadaiwa. Katika andiko la mradi alisisitiza gharama za chakula, kwa kuwa vifaranga wa mayai hula karibu miezi mitano kabla ya kutaga, ilhali maandiko mengi ya vijana huhesabu mapato kana kwamba kuku wanaanza kutaga siku wanayoingia bandani.

Kasoro kubwa hujitokeza fedha zinapoingia benki. Waratibu huhesabu mafanikio yao kwa idadi ya vikundi vilivyopata mkopo, na kwa hiyo mlezi huhamishiwa kikundi kingine wakati ule ule ambapo viongozi wanaanza kukutana na mitihani halisi, kama vile wanachama kudai mgawo mapema, mdondo, ugonjwa unaoua kuku, kuingia bandani, au tarehe ya marejesho kukaribia huku bei ya mayai ikiwa imeshuka. Isitoshe, mlezi hujilipia nauli mwenyewe, jambo ambalo kwa maoni yangu si la haki na pia ni la kujidanganya, kwa sababu moyo wa kujitolea haujazi mafuta kwenye bodaboda. Kikundi chetu kiliamua kuiingiza nauli ya Mwalimu katika bajeti ya kila mwezi, naye akakubali kuendelea kuja tunapofunga hesabu.

Lipo pia tatizo la mlezi kugeuka mwenye kikundi. Jirani zetu walimweka mlezi wao kuwa mmoja wa watia saini katika akaunti ya benki, na aliposafiri kwa msiba walishindwa kutoa hata fedha za chanjo. Kijana wa Kitanzania huona taabu kumwambia mzee "hapana", na kwa sababu hiyo mpaka huo ulipaswa kuwekwa na waratibu kwa maandishi kabla ya mlezi kukutana na viongozi. Walezi wanawake nao ni wachache mno, na vikao vya jioni huwapa shida viongozi wa kike.

Huduma haina ada. Ninawashauri viongozi waiombe wakati kikundi bado kinaandaa katiba, wapendekeze wenyewe siku na saa za vikao, na waulize mapema iwapo mlezi atabaki nao katika kipindi cha marejesho. Kikundi ambacho tayari kimelimbikiza deni hakitapata msaada mkubwa hapa. Kiende moja kwa moja kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kujadili ratiba ya malipo.